Weupe wa Jicho la Mtu: Sababu Gani Unaonekana?

Mtazame mbuzi usoni: jicho lake lina rangi ya manjano ao ya udongo, na mstari mweusi katikati. Weupe hauonekani. Mtazame mbwa aliyelala mlangoni: ni karibu vilevile, rangi ya jicho inajaza nafasi yote kati ya kope na kope. Lakini mtazame mtu, awe mtoto ao mzee, mweusi ao mzungu: mara moja unaona vitu viwili, duara ya rangi katikati na weupe kwa pande zote mbili. Mbona jicho la mtu limeonyesha weupe wake hivi, na nyama wengine wanauficha?

Neno hili laonekana dogo. Walakini wenye elimu ya maumbile wamelichunguza kwa bidii, zaidi sana tangu mwaka 1997, na majibu yao yanagusa jambo kubwa, ndilo namna watu wanavyojuana nia na kusaidiana. Tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu kwa sababu mbili. Ya kwanza: wanafunzi wa shule wanauliza maswali ya namna hii, nao wanastahili jibu la kweli. Ya pili: neno hili linaweza kugeuzwa upesi kuwa ushuhuda wa dini, na ushuhuda zaifu unaharibu hata neno jema lililo karibu yake. Basi tutaeleza kwanza jicho lenyewe, kisha yale yaliyopimwa, kisha maelezo na vipingamizi vyake, na mwisho mafaa kwa kazi yetu.

I. JICHO LENYEWE

Jicho ni kama mpira mdogo. Ganda lake la nje linaitwa sklera: ni gumu, limefumwa kwa nyuzi zenye nguvu, nalo linashika umbo la jicho lisibonyee. Juu ya ganda hilo imeshikizwa misuli sita inayogeuza jicho huku na huku. Upande wa mbele ganda linakuwa angavu kama kioo, kusudi mwanga upite. Sehemu hiyo inaitwa konea. Nyuma ya konea tunaona duara ya rangi, ndiyo irisi, na katikati yake tundu jeusi la kupitisha mwanga, ndiyo mboni. Sehemu ya sklera inayoonekana imefunikwa na ngozi nyembamba sana na angavu, iitwayo konjunktiva.

Mafratri wanaosoma filozofia watafurahi kujua kwamba Aristotele aliligusa jambo hili katika kitabu chake juu ya habari za nyama. Alisema kwamba weupe wa jicho unafanana karibu kwa nyama wote, na kwamba tofauti iko katika sehemu nyeusi. Kwa upande mmoja alisema kweli. Aliyechinja ng'ombe na kutoa jicho lake anajua: sehemu kubwa ya ganda ni nyeupe ao karibu nyeupe. Basi tusiulize nani ana weupe. Tuulize weupe wa nani unaonekana wakati jicho liko mahali pake, katika uso wa yule aliye hai.

Hapo mambo mawili yanaleta tofauti. La kwanza ni mpasuo wa jicho, yaani nafasi iliyo kati ya kope ya juu na kope ya chini. Kama nafasi ni ndogo na ya mviringo, irisi inaijaza yote, na ganda linabaki limefichwa. La pili ni rangi. Kwa kima wengi, na vilevile kwa sokomutu, ile sehemu ya mbele ya ganda pamoja na ngozi yake nyembamba imetiwa melanini, ndiyo rangi ileile inayotia weusi katika ngozi yetu na nywele zetu. Hata likionekana, ganda hilo lina rangi ya kahawia ao nyeusi. Kwa mtu melanini hiyo ni kidogo sana mahali pale, na weupe unabaki wazi.

Tuongeze neno moja. Watu wengi wenye ngozi nyeusi wana madoa madogo ya kahawia katika weupe wa macho, zaidi karibu na irisi. Madoa hayo ni melanini ileile, na kwa kawaida si ugonjwa wala alama mbaya. Wala weupe wa nyama haufichwi siku zote. Ng'ombe akiogopa sana anafungua kope na kugeuza jicho, na weupe unatokea pembeni. Wachungaji wanaijua alama hiyo, nao wanajihazari. Lakini kwa ng'ombe weupe unatokea kwa kitambo na kupotea. Kwa mtu unakaa wazi tangu anapoamka mpaka anapolala.

II. YALIYOPIMWA

Mwaka 1997 wenye elimu wawili wa Japani, Hiromi Kobayashi na Shiro Kohshima, walitangaza vipimo vyao. Walikuwa wamelinganisha macho ya mtu na macho ya aina zaidi ya 80 za kima na nyama wengine wa jamaa yao: kima wadogo wa miti, nyani wa mbugani, hata wale wakubwa wanaofanana nasi zaidi, ndio sokomutu, ngagi na orangutani. Mwaka 2001 wakaandika tena kwa urefu zaidi. Walipata mambo matatu.

Jambo la kwanza: mpasuo wa jicho la mtu umerefuka sana toka pembe hata pembe, kuliko kwa wengine.

Jambo la pili: sehemu ya ganda inayoonekana pembeni mwa irisi ni kubwa kwa mtu kuliko kwa wengine wote waliopimwa.

Jambo la tatu: ganda la mtu ni jeupe, halina rangi, wengine karibu wote walikuwa na ganda la kahawia, tena mara nyingi rangi yake ilikaribia rangi ya irisi ao rangi ya uso unaolizunguka.

Juu ya urefu wa jicho walitoa sababu inayoeleweka vizuri. Nyama mkubwa anayekaa chini akigeuza kichwa kizima kila mara anapotaka kuangalia upande, anatumia nguvu nyingi. Jicho refu linaruhusu kuangalia kuume na kushoto, na kichwa kimetulia. Kwa kweli katika vipimo vyao wale wenye mwili mkubwa na wale wanaokaa chini zaidi ya juu ya miti walikuwa na macho marefu zaidi.

Lakini urefu hauelezi rangi. Mbona wengine wametiwa rangi pale? Kobayashi na Kohshima waliwaza kwamba jicho la rangi moja linaficha mtazamo. Kama irisi, ganda na uso vinafanana, aliye mbali hawezi kujua jicho linatazama wapi. Kuficha kunafaa kwa namna mbili. Chui anayewinda anapenda kumrukia yule asiyemwona. Kama hajui kima anatazama wapi, hajui kama amekwisha kuonwa, naye anasita. Tena kwa jamii nyingi za kima kumkazia mwenzako macho ni kumtisha, ni kama kumwita kwa vita. Anayetazama chakula cha mkubwa wake, ao jike wa mkubwa wake, heri mtazamo wake usionekane.

Kumbe, kama kuficha kuna mafaa hivi, swali letu linakuwa gumu zaidi. Mtu naye aliwindwa na chui na simba. Mtu naye ana wivu, ana mashindano, ana siri. Amepata faida gani kwa kubeba usoni alama inayomtangaza kila saa: huyu anatazama pale?

III. MAELEZO: JICHO LA KUSAIDIANA

Jibu linalojulikana zaidi lilielezwa mwaka 2007 na Michael Tomasello na wenzake watatu, katika mji wa Leipzig, inchi ya Ujerumani. Wazo lao ni hili. Alama inayowapa wengine habari za nia yangu inanizuru kama wengine hao ni adui zangu. Inanifaa kama wengi wao wanaitumia kwa kunisaidia, ao kwa kufanya kazi pamoja nami. Basi jicho linaloonyesha mtazamo lingeweza kuendelea kizazi hata kizazi kati ya viumbe waliokuwa wakisaidiana sana kuliko kuviziana. Ndiyo maana wazo hilo limeitwa wazo la jicho la kusaidiana.

Hawakuishia kwa kuwaza tu, walijaribu. Mtu alikaa mbele ya sokomutu, ngagi na bonobo, mmoja mmoja, na mbele ya watoto wa miezi 12 na wa miezi 18. Mara alielekeza kichwa juu kwenye dari akiwa amefumba macho. Mara aliinua macho peke yake, kichwa kimetulia. Mara aliinua vyote viwili. Mara hakuinua kitu. Wakahesabu ni wakati gani yule aliye mbele yake alitazama juu naye. Wale nyama wakubwa walifuata kichwa zaidi, hata macho yakiwa yamefumbwa. Watoto walifuata macho zaidi, hata kichwa kisipotikisika. Tuseme kweli yote: macho hayakukosa kabisa nguvu kwa wale nyama, ila yalikuwa na nguvu kidogo. Kwa mtoto wa watu yalishinda.

Wajuzi wengine walikuwa wamekwisha kuonyesha namna jambo hili linavyoanza mapema. Mwaka 2002 Teresa Farroni na wenzake waliandika kwamba watoto wachanga wa siku 2 mpaka 5 wakionyeshwa nyuso mbili, moja inayowatazama na nyingine iliyogeuza macho pembeni, wanakaa wakiitazama zaidi ile inayowatazama. Mtoto hajui bado jina lake, lakini amekwisha kutafuta macho ya mwenzake.

Fikirini sasa kazi za kila siku. Mama anasema «sahani», na mtoto hajui sahani ni kitu gani kati ya vitu kumi vilivyo mbele yake. Anafanya nini? Anatazama macho ya mama, kisha anatazama kile ambacho mama anakitazama. Hapo neno linapata kitu chake. Mara elfu na elfu mtoto anafanya hivi, na lugha inajengwa. Wawindaji wawili wamenyamaza porini. Hawathubutu kusema wala kuinua mkono. Mmoja anageuza macho kushoto, na mwenzake anajua swala yuko kushoto. Watu wanne wanabeba shina la mti. Mikono yao yote imeshikwa na kazi. Aliye mbele anatazama shimo, na wa nyuma yake wanalikwepa. Katika mambo haya yote jicho linafanya kazi ya kidole, na weupe ndio unaofanya kidole hicho kionekane.

Watu wanasema macho hayana pazia, yaani huwezi kuyakataza kuona kilicho mbele yake. Kwa upande wa pili vilevile hayana pazia: huwezi kuyakataza yasionwe na aliye mbele yako.

IV. VIPINGAMIZI

Msomaji mwangalifu asipokee maelezo haya kama neno lililokwisha. Kuna vipingamizi vya kweli, na vingine vimetoka karibu na kwetu.

Kipingamizi cha kwanza: wako nyama wenye weupe. Jane Goodall alianza mwaka 1960 kuwachunguza sokomutu wa Gombe, inchi ya Tanzania, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kongo. Kati yao alimwona dume mmoja, aliyempa jina la Mr. Worzle, ambaye macho yake yalikuwa na weupe kama ya mtu. Mwaka 2015 Jessica Mayhew na Juan-Carlos Gómez waliandika juu ya ngagi wa nyanda za magharibi: si wachache waliokuwa na weupe katika macho, wengine kidogo, wengine zaidi.

Tunajibu: hayo ni kweli, nayo yanatufundisha neno. Weupe si kitu kilichotoka mbinguni kwa ghafula na kupewa mtu peke yake. Mbegu yake iko kwa wengine pia. Kwa mtu umekuwa kanuni, na kwa wale umebaki tofauti ya huyu na yule.

Kipingamizi cha pili ni kikubwa zaidi. Bonobo ni nyama wa Kongo yetu: haishi porini katika inchi nyingine yoyote, ila katika misitu iliyo kusini ya mto Kongo. Wenye elimu walimtenga na sokomutu mwaka 1929 tu, walipochunguza kichwa kilichowekwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Basi mwaka 2019 Juan Olvido Perea-García na wenzake walipima tena picha nyingi za macho. Waliona kwamba bonobo ana ganda lenye rangi hafifu kuliko sokomutu, na irisi yake ni nyeusi zaidi ya ganda, namna ileile kama kwa mtu. Tena waliona kwamba hata sokomutu hana jicho la rangi moja. Ganda lake ni jeusi, lakini irisi yake ni ya rangi ya asali: tofauti ya rangi iko, ila imepinduliwa. Wakasema: kama tofauti ya irisi na ganda ndiyo inayoonyesha mtazamo, basi macho ya nyama hawa yanaonyesha pia. Mwaka 2021 Kai Caspar na wenzake wakaenda mbele zaidi. Waliandika kwamba rangi za macho katika jamaa hii nzima hazionyeshi kwamba zilitokea kwa ajili ya kupashana habari. Huenda zilitokea kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kupendeza katika kuchagua mwenzi, ao kwa bahati tu ya uzazi.

Jaribio moja lilileta mwanga upya. Mwaka 2022 Fumihiro Kano na wenzake waliwaonyesha watu na sokomutu picha za macho, wakawaomba watambue jicho gani linatazama upande. Wakazifanya picha hizo ziwe ndogo, kama kwamba ziko mbali, ao wakazitia kivuli. Karibu na katika mwanga mwema, macho ya mtu na macho ya sokomutu yalitambuliwa yote. Lakini mbali ao kivulini, macho ya mtu yalitambuliwa vizuri zaidi. Na sokomutu wenyewe waliyatambua macho ya mtu kuliko macho ya wenzao. Sababu yake ni kwamba ganda la mtu ni jeupe lote sawasawa, toka pembe hata pembe, na kwa hiyo unaona mara moja irisi inaishia wapi na jicho linaishia wapi.

Basi tunaweza kushika nini? Tushike haya: jicho la mtu linaonyesha mtazamo wazi kuliko jicho la jamaa yake katika wanyama, zaidi sana kwa mbali na katika mwanga hafifu; mtoto wa watu anatumia alama hiyo mapema na kwa nguvu; na tofauti kati yetu na wao ni ya kadiri, si ukuta. Kama weupe wenyewe ulitokea kwa ajili ya kusaidiana, ao ulitokea kwa sababu nyingine na kusaidiana kukautumia baadaye, wenye elimu wangali wakibishana.

Kipingamizi cha tatu chatoka kwa waamini wenyewe. Watasema: maneno haya yote ya vizazi na kugeuka kwa maumbile, yanapatana namna gani na imani kwamba Mungu ameumba mtu? Tunawakumbusha barua Humani generis ya Papa Pio XII, ya tarehe 12 Agosti 1950. Humo alisema Kanisa halikatazi wajuzi kuchunguza kama mwili wa mtu umetoka katika kiumbe hai kilichokuwako mbele yake. Roho, imani yatuamuru kushika kwamba zinaumbwa na Mungu mwenyewe moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wajuzi wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba wazo la mageuzi limepata nguvu kuliko ya wazo la kukisia tu. Mchoraji anayetengeneza rangi zake polepole hapungukiwi na heshima yake ya mchoraji.

Kipingamizi cha nne kinasimama upande wa pili, na hicho ndicho tunachokiogopa zaidi, maana kimevaa nguo ya kusaidia dini. Mhubiri mmoja atasema: «Tazameni! Mtu peke yake ana weupe wa jicho. Ndiyo alama ya roho yake!» Watu watafurahi. Lakini kesho mwanafunzi aliyesoma habari za bonobo atasimama na kuuliza, na mhubiri atanyamaza. Kijana yule hatazani kwamba mhubiri amekosea juu ya macho tu. Atazani amekosea juu ya roho pia.

Tena liko neno zito zaidi. Katika vijiji vingi vya Kongo, kando ya mito inayokwenda mbio, wanaishi watu waliopofushwa na ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wadogo, ndiyo onkoserkozi. Macho ya wengine wao yamefunikwa na ukungu, hayaonyeshi tena mtazamo wowote. Je, alama ya Mungu imepungua ndani yao? Mtoto aliyezaliwa kipofu anajifunza lugha kwa masikio na kwa mikono, anapenda, anasali, anatubu. Roho haikai katika rangi ya jicho. Jicho ni chombo kizuri cha umoja wa watu. Chombo kikivunjika, umoja unatafuta njia nyingine, na sisi tunapaswa kuufungulia njia hiyo. Atakayeweka heshima ya mtu juu ya kiungo kimoja cha mwili, atamnyang'anya heshima yule asiye na kiungo hicho.

V. MAFAA KWA KAZI YETU

Tumalizie kwa mambo machache ya kazi, maana elimu isiyogusa kazi inasahauliwa upesi.

1. Katika mafundisho. Mkatekista anayesoma karatasi yake toka mwanzo mpaka mwisho bila kuinua uso amewanyima wasikilizaji kidole chake. Wanasikia maneno, lakini hawajui anamwambia nani. Ainue macho, awatazame wale wa mbele na wale wa nyuma karibu na mlango, kila mmoja ajue amehesabiwa. Anapoonyesha picha ya mafundisho, aitazame naye. Macho ya watoto yatafuata macho yake. Na anayevaa miwani myeusi kanisani bila ugonjwa wa macho, ajue kwamba amefunika nusu ya maneno yake.

2. Katika kuwaelewa watoto na wanyenyekevu. Katika makabila yetu mengi mtoto anayesemeshwa na mkubwa anainamisha macho, kwa sababu ya heshima. Walimu wengi waliotoka mbali walizani kwamba mtoto yule anaficha uwongo. Sasa tunaona maana ya desturi hiyo: kwa sababu jicho la mtu linasema sana, wazee wetu walilitia adabu, kama walivyoutia ulimi adabu. Anayeinamisha macho anasema: «Sitaki kushindana nawe.» Padri aliyesoma ng'ambo asilisahau neno hili anaporudi kijijini.

3. Katika kitubio. Kanisa, katika kanuni 964 ya Sheria ya mwaka 1983, limeagiza pawe na viti vya kitubio vyenye wavu uliokazwa kati ya mwenye kutubu na padri, kusudi waamini wanaopenda waweze kuvitumia kwa hiari yao. Wengine wanauona wavu kuwa kitu cha zamani. Lakini tukijua nguvu ya macho, tunaelewa wema wake. Wako watu ambao zamiri yao inaweza kufunguka tu pale ambapo hakuna jicho linalowatazama. Wako wengine wanaotaka kuona macho ya huruma mbele ya kuthubutu kusema. Padri asimlazimishe mmoja wala mwingine.

4. Katika kuwazuru wagonjwa. Weupe wa jicho unaonyesha pia afya. Ukigeuka kuwa manjano, ni alama kwamba ile rangi ya manjano inayotoka katika damu iliyokwisha kuvunjika imezidi mwilini. Pengine ini limeugua. Pengine damu yenyewe inavunjika upesi kupita kiasi, kama kwa malaria kali ao kwa watoto wenye drepanositozi, wale ambao watu wanawaita SS. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi manjano hiyo inaonekana katika macho mapema kuliko katika ngozi. Mkatekista aliyeiona asiseme ni uchawi, wala asingoje Jumapili: amtume mgonjwa hospitali siku ileile.

5. Katika kuongoza watu. Mwaka 2006 Melissa Bateson na wenzake, katika Universite ya Newcastle, Uingereza, walitangaza jaribio la ajabu. Palikuwa na chumba ambamo watu walijitilia chai na kahawa, na kuweka feza wenyewe katika kisanduku, bila mlinzi. Juma moja walibandika pale picha ya maua, juma lililofuata picha ya macho ya mtu, na kuendelea hivyo kwa zamu. Katika majuma ya macho watu walilipa karibu mara tatu kuliko katika majuma ya maua. Tusiharakishe kubandika macho juu ya visanduku vya sadaka! Majaribio mengine yaliyofuata hayakupata siku zote matokeo yaleyale, na hata pale yanapopatikana, anayelipa kwa sababu ya picha hajawa bado mwaminifu, ameogopa tu. Kazi yetu ni kulea mtu anayelipa kahawa yake hata mbele ya picha ya maua.

Ndugu wasomaji, jicho la mtu limefanywa kwa namna ambayo mwenye nalo anaona, na wengine wanaona anachokiona. Anayetaka kumvizia mwenzake analiona jambo hilo kuwa hasara. Anayetaka kufanya kazi pamoja na mwenzake analiona kuwa faida kubwa. Mwanafunzi akituuliza sababu ya weupe huo, tumwambie yaliyopimwa, tumwambie yanayobishaniwa, wala tusiongeze kitu ili kumfurahisha. Hapo atajua kwamba sisi nasi hatumfichi mtazamo wetu.